Gari Linalonyamaza Mbele ya Fundi

KASONGO — Ni saa moja na nusu asubuhi na fundi Grégoire Mutuza amekwisha kukasirika. Amelala chali juu ya gunia, chini ya gari jeusi la kabla ya vita. Sikio lake amelibandika kwenye mpini wa bisibisi ndefu, na ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye springi ya nyuma. Wanaume wawili wanalitikisa gari kwa nguvu zao zote.

"Tikisa tena!" anapiga kelele kutoka chini.

Wanatikisa. Gari linapanda na kushuka taratibu, bila hata kukohoa.

"Tena!"

Kimya. Grégoire anatambaa nje, anakaa kitako na kumtazama mwenye gari kama mtu anayemtazama mbuzi aliyemtafunia shati.

"Bwana Bulaimu, hii mutuka iko nalia wapi?"

"Kabambare."

"Na hapa?"

"Hapa hapana."

"Sasa mimi niko Kabambare?"

Bwana Bulaimu, mfanyabiashara wa mpunga na mawese, ni mtu mpole mwenye kofia safi na sauti ya chini. Anakunja mikono kifuani. "Fundi, kule iko nalia sana. Ko! Ko! Ko! Sawa mutu anabisha mulango. Mutu akikaa nyuma, anasikia chini ya kiti chake."

Hii ni mara ya nne. Kuna magari yanayougua na kuna magari yanayodeka, na hili ni bingwa wa kudeka. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita mia moja za vumbi jekundu na madaraja ya magogo. Huko njiani, anasema mwenyewe, linapiga kelele hadi mbuzi wanakimbilia porini. Likifika mbele ya fundi, linanyamaza kama mtoto mkorofi aliyeingizwa kwa mganga.

"Nitakufa na hii mutuka," Grégoire anamwambia mwandishi, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Andika kwenye gazeti lako. Andika kwamba mufundi wa Kasongo aliuliwa na mutuka yenye haina ugonjwa."

Grégoire ana umri wa miaka arobaini na miwili. Alizaliwa katika kijiji cha wakulima karibu na mji, nyumba ya Kikristo iliyozungumza Kizimba, lugha ya kwao, jikoni na Kiswahili sokoni. Kazi ya chuma alifundishwa na Bruda mmoja wa misheni, mzee mkali ambaye alimpiga kwenzi kila alipomkuta ameshika spana juu ya grisi chafu. Wakati wa vita alikuwa msaidizi kwenye malori ya mpunga. Vita vilipokwisha, akasimamisha nguzo nne, akaezeka mabati, akachimba shimo la kuingia chini ya magari. Hilo ndilo garaji lake mpaka leo.

Mwezi mzuri humpatia kama faranga elfu mbili. Miezi mizuri, anasema, ina tabia ya kuja peke yake.

Kwenye nguzo ya mbele kuna ubao wenye maandishi meupe ambayo kila dereva wa barabara hii anayajua kwa moyo: GARI CHAFU HALIGUSWI. Ubao huo ni urithi wa Bruda. "Aliniambia, uchafu unaficha ufa," anaeleza. "Mutu hapeleki mutoto kwa daktari na matope usoni. Wanileteye mutuka imeoga."

Na wanaleta zimeoga. Watu wa Kabambare wana adabu yao, na Bwana Bulaimu ana adabu kuliko wote. Mawese humwagika kutoka kwenye madebe yake, yanachuruzika chini ya gari, vumbi linagandia juu, na mwisho gari linavaa gamba gumu kama la kobe. Kwa hiyo kila akija Kasongo, jioni huliingiza kwenye kijito nje ya mji. Huliacha limesimama majini hadi kwenye ekseli mpaka asubuhi, gamba lilainike. Kisha hulisugua kwa majani makavu ya ndizi. Gari linaloingia kwa Grégoire linang'aa kama kiatu cha karani, na bado linadondosha maji.

Mara ya kwanza, mvua zilipokatika, Grégoire alibadilisha mipira yote iliyochakaa chini ya gari. Likaondoka kimya, na wiki haikuisha ujumbe ukaja: linalia. Mara ya pili alikaza kila kinachokazika, hasa zile boliti ndefu zinazokumbatia springi na ekseli, na akaegemea spana kwa uzito wake wote. Likaondoka kimya. Likalia. Mara ya tatu aliagiza vizuia-mtikiso vipya kutoka Kindu, akavisubiri, akavifunga, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba sasa basi.

Likalia.

Safari zile mbili za mwisho hakupokea malipo ya kazi. "Nachukua feza ya nini? Ya kelele?" Kilichomuuma zaidi ni mdomo wa watu. Roger, dereva wa lori la mpunga na mmoja wa wale wawili wanaotikisa gari leo, alianza kumwita "Daktari wa Wazima", na jina likashika. Sokoni wanamwamkia nalo. Mkewe, Mathilde, anasema hata nyumbani hakuna amani.

"Anakula, anasimamisha mukono, anasikiliza," anasema Mathilde. "Namuuliza, unasikiliza nini? Anasema, nyamaza. Mimi nimeolewa na mutu ama na mutuka?"

Asubuhi hii, kabla hajaingia tena chini ya gari, Grégoire anamuuliza mteja wake swali alilokwisha kumuuliza mara zote tatu. "Bwana Bulaimu, hii mutuka iko chini sana. Springi zake zimelala. Kuna mutu alizigusa?"

Bwana Bulaimu anatazama paa la mabati. "Imezeeka tu, Fundi. Kitu kikizeeka kinashuka."

Grégoire anaguna. Magari ya zamani hulala kweli, na springi hizi ni mabamba ya chuma yaliyopangana, yamepakwa lami nyeusi juu hadi chini. Amezipiga kwa nyundo. Zimejibu kwa sauti ya chuma. Anashindwa kuendelea na swali hilo.

Ndipo Bwana Bulaimu anaposema jambo ambalo hajawahi kulisema. Analisema kwa shida, akichezea kofia yake.

Mkewe, Sifa, yuko hapa Kasongo kwa shangazi yake, anasubiri kujifungua katika wodi ya wazazi ya misheni. Ni mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Anamtaka mama yake awe karibu naye safari hii. Mama yake, Bibi Amisa, yuko Kabambare, na hataki kupanda gari. Alilipanda mara moja tu kiangazi hiki. Mwendo wa robo saa gari likaanza ko, ko, ko chini ya kiti chake. Akaamuru lisimame, akashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Akatuma neno: gari la mkwe wake linalalamika kwamba yeye ni mzito, na yeye hapandi kitu kinachomsema.

"Na Sifa?" Grégoire anauliza.

"Sifa iko nalia kila siku. Anasema bila mama yake hawezi. Masista wanasema siku zimekaribia."

Roger, ambaye alikuwa amefungua mdomo kutania, anaufunga. Grégoire anaangalia gari. Halafu anatupa kitambaa chake ndani ya ndoo.

"Basi. Tunaenda Kabambare. Leo. Sitaki kuigusa hapa tena, hii nguruwe."

Haikuwa siku ile ile. Ilibidi kwanza aombe ruhusa kwa karani wa senta, ofisi inayotawala mtaa wa wenyeji, na karani alitaka kujua sababu ya safari. Grégoire akamwambia anakwenda kusikiliza gari. Karani alicheka mpaka akavua miwani, kisha akawaita wenzake na kumwomba aseme tena. Waliondoka kesho yake, Bwana Bulaimu kwenye usukani, fundi nyuma, kwenye kiti kile kile cha Bibi Amisa, masikio yamesimama.

Njia nzima gari halikusema neno. Walivuka magogo, mashimo, mawe na mabonde ya mashamba ya pamba. Grégoire alirushwa kama punje ndani ya ungo, akagonga kichwa kwenye paa, akauma ulimi. Gari likakaa kimya. Walipoingia Kabambare, alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi na mweusi kwa hasira, akamwambia Bwana Bulaimu kwamba mmoja wao ni mwongo, na kama si yeye basi ni gari.

"Ngoja, Fundi," alijibu Bwana Bulaimu. "Italia tu. Inaanzaka pole pole."

Wakangoja. Kabambare kiangazi ni mji wa jua na upepo mkavu. Mti uliokatwa jana leo unapasuka. Kila asubuhi Grégoire alizunguka mji kwenye gari hilo, kutoka ofisi za serikali za teritwari hadi msikitini na kurudi, watu wakidhani amepewa cheo. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya magunia, akimfikiria Sifa, ambaye hajawahi kumwona. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilikuwa siku moja aliyopunguziwa yule binti.

Nyumba ya Bibi Amisa ilikuwa ng'ambo ya njia. Grégoire alimwona kila siku amekaa barazani kwenye kigoda, mwanamke mnene, mtulivu, amejifunga leso mbili, magoti yamevimba kama viazi. Alimwona pia Bwana Bulaimu anapita upande wa pili wa njia, uso umegeuzwa. Kwa desturi ya kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Neno lao hupita kwa mtu wa tatu. Hata ile siku ya safari iliyokatika, kitambaa kilitundikwa ndani ya gari kati ya dereva na kiti cha nyuma.

Asubuhi moja, karibu na duka, gari likapita juu ya mzizi wa mti. Ko!

Grégoire alikanyaga breki kwa miguu miwili. Akarudi nyuma, akapita tena juu ya mzizi. Ko! Akapita mara ya tatu. Ko, ko!

"Inalia!" alipiga kelele, na wanawake waliokuwa wakienda shambani wakasimama. "Iko nalia! Sikieni! Iko nalia!" Alishuka akicheka peke yake, akalipiga gari kofi la mapenzi kwenye boneti. Ni mara ya kwanza, wanasema watu wa mtaa ule, kumwona mtu anafurahia gari bovu.

Furaha ilikuwa fupi. Aliingia chini na bisibisi yake, akaomba watu watikise. Sauti ilitoka kushoto nyuma, kwenye springi, pale katikati zinapokumbatiwa na zile boliti ndefu. Akatia spana. Nati ikazunguka kwa vidole, kama ya mchezo wa mtoto. Boliti ile ile aliyoikaza kwa uzito wake wote ilikuwa imelegea kabisa.

Alitoka chini ya gari, spana mkononi. "Bwana Bulaimu! Nani alifungua hizi boliti?"

"Hakuna mutu."

"Mimi nilizikaza! Mara ya pili nilizikaza, mara ya tatu nilizikaza! Boliti haina miguu! Uko nafungua kwa nyuma yangu ili unicheke?"

Sauti yake ilivuka njia. Wateja walitoka dukani. Bwana Bulaimu alisimama kama nguzo, jasho linamtoka, na hakujibu, kwa sababu baraza la mama mkwe wake lilikuwa pale pale na kila jibu lilikuwa linapita mlangoni kwake. Aligeuza uso ukutani. Grégoire akaona ni kiburi. Akatupa spana chini, akasema anarudi Kasongo kwa miguu, na gari hili walitie moto waotee.

"Wewe mufundi."

Ilikuwa sauti ya Bibi Amisa. Hakuwa ameinuka kwenye kigoda chake.

"Kuja hapa. Muache huyo, hawezi kusema. Mimi nitasema."

Grégoire akavuka njia. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale, aliruhusiwa kumtazama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mutoto wangu. Unapiga kelele sana. Sikiliza. Ile mutuka ilikuwa ya juu, sawa kitanda cha Muzungu. Magoti yangu haya, unayaona, hayapandi. Na mukwe wangu hawezi kunishika mukono anipandishe, ni haramu kwetu. Basi wakati wa mvua akaipeleka kwa Muzee Abedi, mufundi wa majembe, akamwambia airudishe chini. Abedi akatoa vyuma viwili kila upande, vingine akavitia moto akavilaza. Ikashuka. Nikapanda mwenyewe, hakuna mutu alinishika."

Kule ukutani Bwana Bulaimu alikuwa amefunga macho.

"Wakati wa mvua ililia?" Grégoire aliuliza pole pole.

"Hata kidogo. Ilianza jua ilipokuja."

"Na pale vyuma vilitoka, pakabaki nafasi. Muzee Abedi aliweka nini?"

Bibi Amisa alimtazama kama anayeulizwa chumvi inakaa wapi. "Muti. Alikuja kwangu kuomba muti mugumu. Nikamupa muchi wangu wa kutwanga, ule uliovunjika. Akaukata vipande, akavalisha bati, akapaka lami."

Fundi akavuka njia tena. Alikwenda hadi kwenye gari, akalala chini, akakwangua lami kwa bisibisi. Chini ya lami palikuwa na bati la pipa. Akalibinua bati. Ndani yake palikuwa na kipande cha mti mkavu, kimesinyaa, kinacheza ndani ya nafasi yake kama jino bovu.

Kila mkulima wa eneo hili la Maniema anajua la kufanya jembe likilegea kwenye mpini: unalilaza ndani ya maji, mti unavimba, jembe linakaza, ukiliacha juani, linalegea tena. Gari hili lilikuwa limelazwa majini hadi ekseli kila lilipokuja kwake. Mti ulivimba na kunyamaza. Naye, fundi mwenye kazi ya miaka ishirini, alikuwa anakaza boliti juu ya mti uliovimba, kisha analirudisha juani likauke. Na nani aliyeagiza lioge? Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nguzo.

"Lakini, Bwana Bulaimu," alisema alipotoka, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, "nilikuuliza. Mara ngapi nilikuuliza?"

Bwana Bulaimu alijibu akitazama ukuta. "Fundi, ningesema nini? Nitasimama garaji, mbele ya Roger na watu wote, niseme magoti ya mama wa muke wangu?"

"Na kigoda?" Grégoire alifoka tena, maana hasira ilikuwa bado inatafuta pa kwenda. "Kigoda kimoja, Bwana! Unaweka chini, anakanyaga, anapanda! Kulikuwa haja gani ya kuvunja mutuka nzima?"

Hapo Bibi Amisa alinyoosha mgongo. "Mimi nipande mutuka ya mukwe wangu na kigoda, mbele ya watu, sawa kuku anapanda kiota?"

Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kimya kwanza, halafu kwa sauti, mpaka akashika kifua.

"Kumbe si mutuka iliyonisema," alisema. "Ni muchi wangu! Nimetwanga nao tangu nimeolewa, unalia ko, ko, ko kila asubuhi, na mimi sikuijua sauti yake!" Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Muficha uchi hazai. Mwambieni mukwe wangu. Na mimi pia muniambie. Sasa tengenezeni. Mutoto wangu ananingoja."

Kazi yenyewe ilikuwa na maudhi yake. Grégoire alitaka yale mabamba yaliyotolewa ayarudishe, lakini Mzee Abedi alikuwa amekwisha kuyafua. Chuma cha springi ni kitamu kwa mfua majembe, na springi za Bwana Bulaimu sasa zilikuwa zinapalilia pamba na mihogo katika mashamba ya watu. Kipande kimoja tu kilikuwa kimebaki pembeni ya mivukuto. Mafundi wawili wakabishana saa nzima nani ameharibu kazi ya nani. Mzee Abedi alisema mti wake haukuwa na kosa, kosa ni la mtu anayelaza gari majini kama muhogo wa kuloweka. Grégoire alimjibu kwamba gari si jembe. Baada ya hapo wakashika nyundo pamoja. Wakakata kipande kile, wakakifua bapa, wakapata vijaza viwili vya chuma tupu, kushoto na kulia. Grégoire akakaza boliti juu ya chuma kikavu, juani, gari likiwa na vumbi lake lote. Alimkataza Bwana Bulaimu hata kulipangusa.

Asubuhi ya safari, wanaume wote waligeuza nyuso. Bibi Amisa akatoka na kifurushi chake, akaweka mguu mmoja ndani, akashika mlango, akavuta pumzi, akapanda. Mwenyewe. Kitambaa kikatundikwa. Grégoire alikaa mbele, roho mkononi.

Walipopita juu ya ule mzizi, Grégoire alitega sikio. Kimya. Walipofika mahali alipokuwa ameshuka siku ile, bibi alikisogeza kitambaa kidogo akatazama nje. Kimya. Kwenye daraja la kwanza magogo yaligonga na kulia, Grégoire akashtuka, lakini ilikuwa ni magogo tu. Karibu na Kasongo, sauti ilitoka nyuma ya kitambaa.

"Mufundi."

"Naam, Bibi."

"Imenyamaza sana. Mutu hajui kama amefika ama amekufa."

Jioni waliingia misheni. Sifa alikuwa amekaa ukumbini mwa wodi, mikono juu ya tumbo. Alipomwona mama yake anashuka mwenyewe kutoka kwenye gari chafu kuliko yote yaliyowahi kuingia pale, alianza kulia, na mama yake akatembea hadi kwake bila haraka, magoti yale yale. Bwana Bulaimu alibaki garini, uso kwenye usukani. Grégoire anasema hakuona kama analia. Hakutazama.

Kabla fundi hajaondoka, Bibi Amisa alimwita. Alitaka vipande vya mchi wake, vilivyosafiri chini ya kiti.

Leo, majuma mawili baadaye, ubao wa zamani umeshuka kwenye nguzo. Grégoire amepaka rangi mpya na anauandika upya, ulimi nje, herufi moja moja: LETA GARI KAMA LILIVYO. Anarudi nyuma, anautazama, anaongeza mstari mwingine chini: NA USEME YOTE.

Springi za Bwana Bulaimu bado si kitu cha kujivunia. Zilipitishwa kwenye moto na zitazidi kulala. Mpango wake ni kuagiza mabamba mapya, kulirudisha gari kwenye kimo chake, kisha kulichomelea kidato cha chuma chini ya mlango wa nyuma. "Si kigoda," anasisitiza. "Kidato. Sehemu ya mutuka. Hakuna mutu atasema kuku." Anatumaini kuwawekea wengine pia, kwa maana, anasema, barabara hii ina bibi wengi na magoti mengi yasiyosemwa.

Habari kutoka misheni zilifika jana. Sifa amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Maji ya kumwogesha mara ya kwanza yalichemshwa na bibi yake kwa kuni alizokuja nazo mwenyewe, vipande vya mti mgumu vyenye alama za lami.

Kelele za injini zinakatiza mazungumzo. Ni Roger. Lori lake la mpunga linaingia garajini likimeremeta, limeoshwa hadi kwenye magurudumu, linadondosha maji.

"Fundi!" anaita kutoka juu. "Iko nalia mbele. Lakini sasa imenyamaza, sijui sababu gani."

Grégoire anaweka brashi chini. Anafumba macho. Anayafumbua.

"Roger," anasema, "rudi nyumbani. Kuja na matope yako."